Nilipotaka Kofia ya Kimani

Wiki iliyopita nilikuwa saluni Ruiru, nimeinamisha kichwa, na msichana anayenisuka akanipaka jeli kisogoni bila kunionya. Ilikuwa baridi, na ilikuwa na ile harufu ya sabuni iliyochanganyika na spiriti. Nilishtuka hata yeye akashtuka, akaniuliza kama ameniumiza. Nilimwambia hapana, endelea tu, lakini sikuongea tena mpaka akamaliza, na mimi kwa kawaida mdomo wangu haupumziki saluni. Nilikuwa nimerudi kwenye kiti cha plastiki katika chumba chenye mapazia meusi, karibu na Kahawa Sukari, nina miaka tisa, nimepakwa jeli kama hiyo mahali palepale, nikijiandaa kuidanganya mashine.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kama kichekesho, na watu hucheka mpaka wakafuta machozi. Kuna sehemu ambayo huwa naiacha. Huwa sisemi kwamba wivu wangu ulikaribia kumvunjia mama yangu ndoa. Leo nitasema yote. Nyinyi wa rika langu, mliolelewa pamoja na ndugu mliyedhani anapendwa kuwashinda, mtanielewa bila shida. Waliozaliwa peke yao wanivumilie tu.

Tulikuwa tukiishi katika shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizopangwa mstari mmoja zikitazamana na mfereji. Siku hizi pale pamejaa magorofa, na ukimwambia mpangaji kwamba sebule yake ilikuwa mibuni atakuangalia tu. Baba alikuwa nyapara. Mama alichuma kahawa pamoja na wanawake wengine, na msimu ukifika hata sisi watoto tuliingia shambani Jumamosi na wakati wa likizo. Sheria ilikuwa moja tu: chuma tunda jekundu, acha la kijani likomae. Jioni, kabla ya kupimiwa, kila mtu alimwaga kahawa yake juu ya gunia, akapiga magoti na kuichambua, akitoa mabichi yaliyoponyoka. Nyapara alipita katikati akitazama. Gunia lako lilikuwa wazi mbele ya kila mtu, na ukiwa na mabichi mengi, shamba zima lilijua kabla hujasimama.

Gunia la kaka yangu Kimani lilikuwa aibu ya kila wiki. Alinizidi miaka miwili, alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na bado alichuma kijani na nyekundu kama mtu anayepukutisha mti. Kuchambua ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana alitoa mazuri akayatupa, akabakisha mabichi. Baba alikuwa akipita magunia ya watu wote kwa sauti ya kawaida, lakini akifika kwa mwanawe mwenyewe sauti ilibadilika. Alimwita mvivu, kisha mwenye kiburi, na kuna siku alimchapa pale pale mbele ya wachumaji. Mtoto wa nyapara analeta mabichi, yeye nyapara atamkemea nani?

Na mimi? Mimi nilikuwa dhahabu. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, gunia langu lilikuwa jekundu kutoka pembe hadi pembe, na baba alikuwa akiwaita watu waje waone. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, kwa hivyo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Maitu, mama yangu, na alilisema kwa namna iliyonifanya nitembee kidogo nimevimba. Nakiri kwamba Kimani alipokuwa akigombezwa nilijisikia vizuri. Nilimsaidia, ndiyo, lakini kwa masharti. Tukiwa kwenye mti mmoja na baba akiwa mbali, alikuwa akigusa tawi na mimi ninamnong'onezea, hiyo sawa, hiyo wacha, na Jumapili nusu ya chapati yake ilihamia sahani yangu.

Mambo yalibadilika siku aliyokuja yule dada wa chuo kikuu. Tulimwita Daktari ingawa alikuwa bado anasomea, mwanamke mchangamfu, mwembamba, wa viatu vya raba. Alikuja shuleni kwetu na kitabu chenye kurasa zilizojaa vidoadoa vya rangi, na ndani ya vidoadoa kila ukurasa ulikuwa umeficha namba. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja katika ofisi ya mwalimu mkuu, wakaanza na darasa la Kimani. Wengine walitoka baada ya dakika moja. Kimani alikaa mule mpaka tukadhani amefanya makosa. Alikuwa ameona namba ya ukurasa wa kwanza, ule ambao kila mtu huuona, na kurasa zote zilizofuata aliona vidoadoa tu.

Jioni hiyo Daktari alikuja nyumbani pamoja naye. Aliketi kwenye kiti chetu kizuri, akakubali chai, akawaeleza wazazi wangu kwamba Kimani si mvivu wala si mkaidi, ila nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, na amezaliwa hivyo. Alimuuliza mama kama kuna mwanamume upande wake aliyekuwa na shida kama hiyo, kwa sababu mvulana huipata kutoka kwa mama. Mama akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Baba yake kule Gatuanyaga alikuwa amepaka mlango wa nyumba rangi ya kijani akiamini ni kahawia, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Baba hakujua kuomba msamaha, lakini kesho yake alimpandisha Kimani kwenye trekta akaketi naye mbele, wakaenda mpaka kiwandani na kurudi, na mimi nikaachwa nikichambua peke yangu.

Hapo ndipo wivu ulipoanza. Mwanzoni wivu wangu ulikuwa mdogo, kama kokoto kwenye kiatu. Kisha mama akanunua kalamu za rangi. Aliketi nje kwenye kigoda na kisu cha jikoni, akazikata alama moja moja: nyekundu alama moja, kijani mbili, kahawia tatu, ili Kimani azitambue kwa kidole. Alizikata taratibu, akipuliza vumbi, akizijaribu kwa kidole gumba chake huku amefumba macho. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Mama aliyekuwa akinisuka nywele kwa haraka mpaka machozi yananitoka, mama ambaye hakuwa na dakika ya kusikiliza nikisoma, alikuwa na jioni nzima ya kukata alama kwenye kalamu za Kimani. Sikukumbuka hata siku moja aliyonikatia kitu chochote.

Kisha zikaja Jumamosi za Kahawa Sukari. Chuo cha Daktari kilituma gari kuwachukua mama na Kimani kwa vipimo zaidi, mama amevaa ile suti yake ya kanisani, Kimani amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Walirudi jioni na biskuti, na soda ambayo Kimani alibakisha nusu makusudi ili nione kwamba amekunywa. Mama alirudi na picha kwenye simu: Kimani amevalishwa kofia ya manjano iliyojaa nyaya, anatabasamu kama waziri. Alimwonyesha jirani, akawaonyesha wachumaji, akamwonyesha mwuza mboga wa Thika ambaye hata jina hatukulijua. Katika simu hiyo hiyo mimi nilikuwa na picha moja, na ilikuwa imekata nusu ya uso wangu.

Kimani alinieleza yanayofanyika huko, maana nilimhoji kama polisi. Unapakwa jeli kisogoni, unavalishwa kofia, unaketi mbele ya skrini yenye mistari inayobadilika. Daktari alikuwa amemwambia kwamba macho hupeleka habari nyuma ya kichwa, na kila picha inapobadilika ubongo unaruka kidogo, umeme mdogo sana, na nyaya zinausikia. Mistari ilipokuwa nyeusi na nyeupe, ubongo wa Kimani uliruka kama wa mtu yeyote. Ilipokuwa nyekundu na kijani, ulilala. Kwenye kompyuta ulikuwa mstari uliolala kama kamba ya nguo. Daktari na wenzake walikuwa wanataka kujua kama watoto wadogo sana, wasiojua hata namba, wanaweza kupimwa kwa njia hiyo bila kuulizwa chochote. Mimi nilivyoelewa ni kwamba mashine inauliza ubongo maswali, na ubongo unajibu.

Muhula uliofuata Daktari alirudi kupima madarasa ya chini. Nilikuwa tayari. Niliingia ofisini, nikasoma namba ya ukurasa wa kwanza, na wa pili nikakunja uso na kusema naona vidoadoa tu. Wa tatu vidoadoa, wa nne vidoadoa. Namba zilikuwa zimesimama pale zikinitazama. Daktari alirudia ukurasa, akausogeza dirishani, akaniuliza polepole. Nikashikilia. Alimwita mwenzake aliyekuwa nje, wakanong'onezana, na nikasikia akisema, "Huyu ni msichana, na wasichana kama hawa ni wachache sana." Mmoja katika umati, nadra kuliko Kimani! Nilitoka mule ofisini nikiwa mtu muhimu kuliko wote katika shule hiyo.

Mama alipoambiwa aliketi chini kwenye sakafu. Baba alikataa katakata. Alisema huyu ndiye mchumaji wake bora, itakuwaje asione? Daktari naye alikuwa amejiuliza swali hilo, akasema huenda nachuma kwa kugusa, kwa sababu tunda lililoiva huwa laini na hutoka upesi, na watoto wa aina hiyo hujifunza ujanja wao bila hata kujua. Baba akavikumbuka vidole vyangu na wepesi wake, akaacha kubisha. Nami, ili nikamilishe kazi, Jumamosi iliyofuata nilileta gunia lenye mabichi. Ilinichoma roho kuyachuma, nisiwafiche, lakini niliyachuma.

Aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu. Kimani alisimama katikati ya nyumba akamwambia mama, "Huyu anaona. Si yeye ndiye hunionyesha?" Mama akamwuliza yeye atajuaje nani anaona rangi na nani haoni. Alimjibu kwa upole, wala hakukusudia kumwumiza, lakini jibu lilimwumiza Kimani, na mimi nikamtolea ulimi nyuma ya mgongo wa mama.

Nilipangiwa kofia baada ya wiki mbili, na mzazi alitakiwa kutia sahihi. Baba na mama walikuja shuleni wote wawili. Daktari alikuwa amefurahi sana siku hiyo, na katika furaha yake akasema jambo ambalo alipaswa kungoja kulisema. Alisema msichana hawi hivi kwa upande wa mama peke yake, ni lazima pia baba awe hivyo, basi huenda baba naye ana shida hiyo na hajawahi kujua. Baba akacheka. Miaka yote ya unyapara, asione bichi na iliyoiva? Akakichukua kile kitabu kutoka mkononi mwake, akasoma namba zote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusita, kwa sauti ya mtu anayesoma Biblia mbele ya kanisa. Alipomaliza aliinua kichwa akisubiri kusifiwa. Daktari hakumsifu. Alikuwa anaangalia meza.

"Sasa hiyo inamaanisha nini?" baba akauliza.

"Inamaanisha tungoje mashine," Daktari akasema. "Mtoto anaweza kuchoka, anaweza kutoelewa. Sikufaa kusema hivyo mapema."

Baba alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Alitia sahihi, akarudisha kalamu, akatoka bila kumngoja mama.

Wiki mbili hizo nimezifikiria zaidi ya wiki nyingine zozote za maisha yangu. Baba aliacha kunywa chai ya mama. Alianza kuteremka mpaka kibanda cha kiwandani asubuhi, akanywa ya huko. Aliacha kuniita Maitu. Nilikuwa "wewe msichana," na lile jina halikurudi kwangu mpaka niko darasa la saba. Mchana mmoja aliniambia nivue viatu, akanikalisha kwenye ukuta wa mfereji, akaangalia vidole vya miguu yangu kwa muda mrefu, kisha akavua kiatu chake akaangalia vyake. Mimi nikadhani ugonjwa wangu huonekana pia kwenye vidole, nikavikunjakunja ili vionekane vibaya zaidi. Nilidhani ananihurumia. Kuna siku hata nilidhani anatuonea gere, kwa sababu katika nyumba yetu kila mtu sasa alikuwa na jambo lake na yeye hakuwa na lolote.

Mama alinikatia kalamu zangu mwenyewe, boksi zima. Nililingoja jambo hilo kwa hamu, nikaketi karibu naye kwenye kigoda. Alikuwa akikata kwa nguvu mno, na kalamu ya kahawia ikavunjika vipande viwili, kisha ya kijani. Alivitupa kwenye majani akaendelea na nyingine bila kunitazama. Nilifikiri amechoka na kazi ya shamba.

Nyumba zile zilitenganishwa na mbao, na ndani ya nyumba yetu ukuta ulikuwa pazia. Siku za Jumapili baada ya kanisa nilisikia sauti ya baba ikirudia swali lile lile kuhusu mwaka mmoja aliokuwa Naivasha akifanya kazi kwenye mashamba ya maua, kabla sijazaliwa. Alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi, mama alimkumbusha. Alimtajia hata mvua iliyonyesha mwisho wa mwezi mmoja na basi lililokwama. Baba akasema watu hukumbuka wanayotaka kukumbuka. Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Baba Kimani, sijawahi kukudanganya, na sitaanza leo." Kisha nikasikia sufuria zikioshwa.

Aliyenifumbua macho ni Kimani. Tulikuwa tumetumwa maji, akaweka mtungi chini njiani akaniambia kwa sauti ya mtu mzima: "Baba anasema wewe si wake. Anasema mama alikupata na mtu mwingine, kwa sababu ya hayo macho yako ya uongo. Mama amesema akifukuzwa ataenda Gatuanyaga. Sema ukweli."

Nilielewa. Sitajificha nyuma ya utoto hapa. Nilikuwa na miaka tisa, na maana ya mtu kufukuzwa niliijua, kwa sababu mstari wetu ulikuwa umeona wanawake wakiondoka na magodoro kichwani. Nilichukua mtungi wangu nikatembea nao mpaka nyumbani, na kila hatua nilijiambia nitasema nikifika. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Nilisimama mbele yake. Aliniuliza nini, na nikasema hakuna. Ilikuwa imebaki siku nne kabla ya Jumamosi yangu. Mama alikuwa ameshaipiga pasi suti ya kanisani, na safari hii aliipiga kwa ajili yangu. Nikaamua nitasema nikishavaa kofia. Nilifanya hesabu hiyo katika akili yangu kwa utulivu kabisa, nyumba ya mama upande huu na kofia upande ule, na kofia ikashinda.

Siku zilizobaki nilizitumia kuufundisha ubongo wangu. Kwa kuwa mashine itauuliza, ni lazima ujue la kujibu. Nilikaa kwenye mibuni nikiangalia matunda mekundu na kurudia kimoyomoyo: hii ni kama majani, hii ni kama majani. Nilirudia mpaka kichwa kikaniuma. Niliamini umeshika.

Tulienda sote wanne kwa gari la chuo, baba amevaa koti lake la mazishi. Kile chumba cha mapazia meusi kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiwaza. Daktari alinipaka jeli, nikapiga kelele kidogo kwa baridi, akanivalisha ile kofia ya manjano na kunifunga kamba kidevuni. Nilimwuliza kama mama atanipiga picha. Akasema baadaye. Wazazi na Kimani walikaa chumba cha pili, na mimi nikaambiwa nitazame nyota ndogo katikati ya skrini, nisiondoe macho, na nihesabu inakonyeza mara ngapi.

Kwanza ilikuja miraba myeusi na myeupe, ikibadilishana nafasi upesi upesi. Hiyo niliiacha ipite, kwa sababu hata Kimani aliiona. Kisha ikaja mistari minene, nyekundu na kijani, ikipishana. Nikashika kiti. Hii ni kama majani, hii ni kama majani, nikauambia ubongo kwa moyo wangu wote, huku nikihesabu nyota kwa sababu niliogopa Daktari ataniuliza, na mistari ikaendelea kupishana mbele yangu, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, mizuri kupita kiasi. Ilirudiwa mara mbili. Wakazima skrini na kuwasha taa.

Daktari alikuja akachuchumaa mbele ya kiti changu, na bado nilikuwa nimevaa kofia. Hakuonekana mwenye hasira. Alinigeuzia kompyuta, akanionyesha mstari wa miraba ukiruka, na chini yake mstari wa nyekundu na kijani ukiruka vilevile, kilima na bonde, kilima na bonde.

"Ubongo wangu umesema?" nikamwuliza.

"Umesema."

"Lakini niliufundisha."

Alitaka kucheka, nikaona, lakini akajizuia. Aliniuliza kwa nini nilifanya hivyo, na nikamwambia nilitaka kofia. Akaendelea kungoja. Hapo ndipo nililia, na katikati ya kilio nikamwambia lile lingine, kwamba nilitaka kuja na mama, mimi na yeye tu, kwa gari, mpaka jioni. Alinipangusa jeli kisogoni kwa taulo lenye maji ya moto, polepole, mpaka nikanyamaza.

Chumba cha pili aliwaambia wazazi wangu wakiwa wamesimama. Aliongea na baba hasa. Alisema, "Binti yako anaona rangi kama wewe unavyoona. Yale niliyosema shuleni hayamhusu kabisa, na samahani niliyasema." Alimweleza kwamba na kitabu mtoto anaweza kucheza atakavyo, lakini hapa hakuulizwa chochote, kwa hivyo hakuwa na mahali pa kudanganyia. Kimani aliniangalia, akaangalia kando. Alikuwa na haki ya kusema, "Niliwaambia," na hakusema.

Baba aliketi kwa kishindo. Alijifunika uso kwa mikono, na alipoitoa alikuwa anacheka kwa kufurahi, kicheko cha mtu aliyetolewa jela. Hata hakunikasirikia. Alimgeukia mama akamwambia basi, Mama Kimani, si umesikia, yameisha, tupitie Ruiru tule nyama choma sote, hata Daktari kama ana nafasi.

Mama alikuwa anafunga kifungo cha juu cha ile suti. Alikifunga mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Mtoto wa miaka tisa alikudanganya, ukamwamini siku hiyo hiyo," akasema. "Mimi nimekwambia ukweli wiki mbili. Mimi ukaningojea kompyuta."

Daktari aliinamisha kichwa akaanza kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Mama alimshukuru Daktari vizuri, kwa mikono miwili, akakataa gari la chuo, akasema tutatembea mpaka kituoni, hewa itatufaa. Kisha akamshika Kimani mkono, wakatoka.

Tuliwafuata kando ya ule uzio mrefu, jua likiwa kali, wanafunzi wakitupita na mifuko yao. Nilitaka kumkimbilia mama nimshike mkono wa pili, nilishaanza hata kukimbia, na baba akanishika ukosi wa gauni.

"Wacha kwanza," akaniambia. "Sisi wawili tutembee huku nyuma."

Tukatembea. Mama hakugeuka hata mara moja. Na hata wakati huo, baada ya yote niliyofanya, macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake ulioshika wa Kimani, nikiutamani. Nilipoinua kichwa kumwangalia baba, yeye pia alikuwa akiutazama mkono ule ule.